Saa Kumi na Saba za Korido: Kisa cha Asistanti Mmoja wa Lubumbashi

"Jumanne. 09:00, kwa Prof. Mlango umefungwa. 09:40, karani anasema yuko njiani. 11:15, anasema yuko kikaoni. 12:50, Prof amefika, amenisalimia vizuri, ameniambia nirudi kesho."

Mistari hiyo iko kwenye kaye ya kurasa 96, zile za watoto wa shule zenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada. Mwenye kaye ni asistanti katika chuo kikuu kimoja hapa Lubumbashi, mama wa watoto wawili, mkazi wa Katuba, na wakati huo alikuwa na mwaka wa pili tangu ajiandikishe kwa tezi. (Msomaji wa pwani asishtuke: si uvimbe wa shingoni, ni tasnifu ya udaktari. Kifaransa kimetuachia neno na hatujalirudisha.) Ameniruhusu nisimulie mradi nisimtaje, na nimebadilisha vitu viwili vitatu ili hata anaoshiriki nao ofisi wasimtambue. Nitamwita Asistanti tu, kama wanafunzi wake wanavyomwita. Yeye huniita Yaya, yaani mkubwa wake kama wa kuzaliwa naye, kwa sababu nilimtangulia shuleni. Tezi yangu ilinila miaka mingi kuliko ninavyopenda kukiri, na siku hizi Jumamosi mchana nakaa barazani kwangu na wenzetu wanne watano wanaoandika za kwao.

Saa nitazitaja kama zinavyoonekana kwenye simu. Sisi hatuhesabu kama Dar es Salaam au Mombasa. Nikiandika "saa tatu" kwa maana ya 09:00, nusu ya jirani zangu watadhani nazungumzia usiku wa manane.

Ratiba ya 18 juu ya 20

Alikuja Oktoba, katika lile joto linalotangulia mvua. Aliketi, maji hakuyagusa. "Yaya, niko natumika kazi ya bantu bote. Ya mie mwenyewe njo haitembee." Kutumika kwetu ni kufanya kazi, na bantu bote ni watu wote; yake mwenyewe ndiyo haiendi. Nilipenda sentensi hiyo, ingawa siku ile sikuisikia vizuri. Niliichukua kama malalamiko, kumbe ilikuwa ripoti.

Kwa maneno yake mwenyewe, tatizo lilikuwa uvivu na simu. Tena alikuwa ameshajitibu. Alinionyesha picha ya ratiba aliyoibandika kwenye mlango wa frigo, imechorwa kwa rula, kila saa na rangi yake kuanzia 05:00 hadi 22:00. Ningekuwa nasahihisha, ningeipa 18 juu ya 20. Alikuwa pia ameweka kwenye simu programu ya kuhesabu dakika 25 za kazi na 5 za kupumzika, ule mtindo aliouanzisha Mwitaliano Francesco Cirillo mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Alicheka alipokuwa ananieleza. Katika nyumba yake hajawahi kuvuka dakika 12 bila mtu kubisha, mtoto kulia au jirani kuja kuomba moto wa makaa.

Kwenye ratiba ile, tezi ilikuwa ya kijani: 18:00 hadi 21:00, kila siku isipokuwa Jumapili. Sasa fikiria 18:00 hadi 21:00 Katuba. Umeme wa mtaa wao siku hizo ulikuwa ukirudi saa 22:30 na kukatika tena alfajiri. Betri ya kompyuta yake, iliyokwisha kuzeeka, inashika dakika 40. Mbabula, jiko letu la makaa, iko nje inawaka, bukari (ugali) haijasongwa, watoto wana kazi za shule, na yeye mwenyewe ametoka chuoni kwa teksi-basi mbili, ya kwanza mpaka mjini, ya pili mpaka nyumbani. Nikamuuliza kwa nini alichagua saa hizo.

"Ndizo zilizobaki."

Basi tezi yake ilikuwa inakula makombo. Alipanga kwanza saa za kila mtu, kilichosalia sahanini akakipaka kijani.

Sikumpa ratiba nyingine. Nilimwomba anunue kaye, aandike kila nusu saa alichofanya kwa siku 14, bila kujipamba na bila kubadili chochote. Alinitazama kama mtu aliyefuata dawa hospitalini akaambiwa alete mkojo.

Kaye ilivyosema

Kwa siku 14 tezi ilipata saa 6 na nusu. Katika hizo, saa 4 zilikuwa usiku mmoja akibadilisha ukubwa wa herufi, ukingo wa karatasi na orodha ya yaliyomo ya kitabu ambacho hakijaandikwa. Mtu yeyote aliyewahi kuogopa sura yake ya kwanza anaujua usiku huo. Kuandika kwenyewe kulikuwa saa 2 na nusu.

Simu, ile aliyoilaumu, ilikuwa na saa 14. Lakini tulipozipitia mstari kwa mstari, 9 zilikuwa za kazi: kiongozi wa promosheni, yaani wa darasa, anapiga 21:00 kuuliza kama interro (jaribio) ni kesho, mwanafunzi anatuma picha ya kopi yake ya mtihani akidai alama mbili zilizopotea, kundi la asistanti linabishana nani alitakiwa kuleta karatasi za mitihani. Zilizobaki 5 ndizo alizopoteza kweli. Saa tano kwa wiki mbili, kwa mtu anayechoka kiasi kile! Nilimwambia aache kuziomba msamaha.

Kusahihisha makopi, saa 19. Safari, saa 22. Kozi anayofundisha kwenye taasisi nyingine ya binafsi, saa 12, na hapo nilinyamaza, kwa sababu ile ndiyo inayolipa ada ya watoto. Mashauri mengi ya kupanga muda yanamwambia mtu aache kila kisichohusu tezi. Yameandikwa na watu wenye buruza ya masomo inayoingia benki kila mwezi. Kwake kozi ile haikuwa ndani ya mjadala, na sikuigusa.

Kulikuwa na mistari miwili iliyonishtua. Wa kwanza ni kazi za Prof: saa 23. Namaanisha kazi zake binafsi, mbali na mafunzo ya vitendo ambayo ni wajibu wa asistanti: kuandaa picha za kuonyesha darasani, kusahihisha silabusi, kuchora grafu za makala yake, kwenda uwanja wa ndege wa Luano kumpokea mgeni wake na kumpeleka hoteli. Hakuna hata moja iliyokuwa ya ajabu. Kila moja ilikuja peke yake, kwa adabu, na neno "ukipata dakika".

Wa pili aliuandika kwa herufi ndogo, karibu na ukingo, kana kwamba haustahili nafasi: *kusubiri*. Jumla yake ilikuwa saa 17.

Hapa lazima nikae kidogo. Saa 17 ni siku mbili nzima za kazi. Sehemu kubwa ilikuwa korido ya Prof, kama Jumanne ile niliyoanza nayo. Nyingine ilikuwa sekretarieti, kwa saini moja. Saa moja ilikuwa saiba (duka la mtandao) mjini, amelipia mtandao ili afuate semina ya Kinshasa ya saa 10:00, akasahau kwamba saa 10:00 ya Kinshasa ni 11:00 kwetu, akakaa mbele ya kioo kitupu huku mega zikienda. (Nchi moja, saa mbili; hata mimi nimeshawahi kuanguka katika shimo hilo, tena siku ya usaili.)

Nilimuuliza: unapongoja koridoni, unafanya nini? Akasema: "Nasimama." Hasomi? Hapana. Kwa nini? Alifikiri, halafu akasema jambo ambalo sijalisoma popote. Ukikaa chini na kitabu, Prof akipita ataona una shughuli, hatasimama. Na wenzako watasema huyu hana haja. Anayemsubiri mkubwa anasubiri kwa mwili mzima.

Siku hiyo ndipo niliporudia sentensi yake ya Oktoba na kuielewa. Niko natumika kazi ya bantu bote. Asistanti hakuwa na tatizo la kupanga muda wake, maana muda wenyewe haukuwa kwake. Ulikuwa mikononi mwa watu: kwa Prof, kwa wanafunzi, kwa sekretarieti, kwa mama mkwe, kwa kampuni ya umeme. Kupanga ratiba ya mali iliyoko kwa wengine ni kazi bure. Kwanza uende kuidai, kwa mmoja mmoja, na kila mmoja ana namna yake ya kudaiwa.

Kazi inahitaji nini?

Tulianza na asiyesikia ombi, yaani umeme. Tuliandika kazi zote za tezi kwenye karatasi moja na mbele ya kila kazi tukajiuliza inahitaji nini ili ifanyike. Kupakua makala kunahitaji mtandao. Hesabu za takwimu zinahitaji kompyuta yenye chaji. Kubandika lebo kwenye vielelezo vilivyokaushwa kunahitaji mikono na mwanga wa dirisha, na unaweza kufanya mtoto akiwa anaimba pembeni. Kusoma makala iliyochapishwa kunahitaji benchi tu.

Tukafika kwenye kuandika. Alitaka kuweka "kompyuta". Nikamuuliza, saa 2 na nusu zile za kuandika, aya iliyo nzuri kuliko zote aliiandikia wapi? Alifungua kaye. Ilikuwa Alhamisi, ndani ya teksi-basi iliyokwama mjini, nyuma ya risiti. Kuandika kunahitaji kichwa kilichotulia na kalamu. Kompyuta inahitajika kwa kupiga chapa, na kupiga chapa unaweza saa 23:00 ukiwa umechoka, ukisikiliza redio.

Kwa hiyo kazi ikahama. Alikuwa akitumia saa za umeme za usiku kupiga pasi, kuchaji na kutengeneza picha za Prof, kisha akijaribu kufikiri gizani. Tukageuza: alfajiri, 04:30 hadi 06:00, taa ndogo ya jua, kaye na kalamu ya Biki, kompyuta ifungwe hata kama umeme upo. Usiku, nusu saa ya kuingiza alichoandika. Korido ikapewa makala mbili zilizokunjwa ndani ya mkoba, za kusomwa kwa kusimama. Alikataa kukaa, nikamkubalia. Kusoma ukiwa umesimama wima mlangoni kunaonekana kama unyenyekevu, na Prof alipomkuta siku moja na makala mkononi alimuuliza ni ya nani, wakazungumza dakika kumi pale pale.

Nyumbani kulikuwa na kesi yake. Mume wake si mtu mbaya, lakini kwake mtu aliye ndani ya nyumba ni mtu aliyepo. "Si uko nyumbani?" Maneno hayo matatu yanaua tezi kuliko malaria. Suluhisho halikutoka kwangu, lilitoka kwa mama mkwe, mwimbaji wa kwaya, aliyejua kwamba Jumamosi asubuhi chumba cha katekesi parokiani hukaa kitupu hadi kwaya inapoingia 11:00. Alimwombea ufunguo. Tangu hapo, anapotoka na mkoba saa 07:30, nyumba inasema ameenda kazini. Angebaki mezani kwake na kaye ile ile, wangesema anaandika-andika.

Uyoga na mitihani

Sasa niseme tezi yenyewe inahusu nini, maana bila hiyo sehemu inayofuata haieleweki. Anatafiti uyoga wa porini unaoliwa, kutoka msitu wa miombo hadi sokoni: aina zipi, bei gani, faida inabaki kwa nani. Ukipita njia ya Kasumbalesa au ya Likasi wakati wa mvua unawaona akina mama na mabeseni. Kuna ule wa manjano wa chini ya miti, na kuna ule wa vichuguu, jamii ya Termitomyces, ambao katika jamii hiyo mmoja, titanicus, kofia yake yaweza kufikia upana wa mita 1. Uyoga huo unalimwa na mchwa ndani ya kichuguu, unatokea juu mvua ikishakolea, na siku chache baadaye umeoza.

Mvua zetu ni Novemba hadi Aprili. Mitihani ya nusu mwaka huangukia Februari au Machi. Asistanti ndio wanaosimamia mitihani. Umeona mahali kamba inapokaza? Mwaka wa kwanza wa tezi yake alisimamia mitihani, akatoka porini na wiki moja na nusu ya takwimu, na mwaka mzima ukaenda, kwa sababu uyoga uliokosa Februari utauona Februari nyingine. Makopi yanaweza kusubiri mpaka Mei, na ukiyakuta yana vumbi unayafuta.

Hilo ndilo lililompeleka kwa Prof. Alikuwa anaogopa, na nisingemlaumu. Mkubwa haambiwi hapana, hasa mkubwa anayesaini karatasi zako. Alitaka nimsaidie kuandika barua. Nikamkatalia. Barua inabaki kwenye faili, na mtu aliyeandikiwa barua na asistanti wake anajiuliza ni nani mwingine ameisoma.

Tukaandaa karatasi moja, upande mmoja. Juu kulikuwa na kazi tisa alizopewa na Prof, kila moja na tarehe aliyopewa na saa alizokadiria zimebaki. Chini, miezi sita, Novemba hadi Aprili, na wiki za uyoga zimepigwa mstari. Hakuna lawama, hakuna neno "nimezidiwa". Swali moja tu: "Prof, nianze na ipi, na ipi isubiri?"

Alinisimulia usiku ule ule. Prof aliisoma kimya, akavua miwani, akasema: "Tisa? Mimi nilikupa tisa?" Hakuwa anajifanya. Alizitoa moja moja, kila moja ndogo, na hakuna siku alizoziona zimekaa pamoja. Alichukua kalamu akafuta mbili mwenyewe. Silabusi akasema apewe asistanti mwingine, aliye mwaka wa kwanza. Grafu za makala akasema zingoje Mei. Kisha akakutana na wiki za Februari na akakataa. Usimamizi wa mitihani si wake kusamehe, ni wa fakulteti.

Kwa hiyo hakuondoka na kila kitu. Alibadilishana na mwenzake wa idara ya jirani: yeye amsimamie wiki mbili za Februari, Asistanti amsahihishie makopi ya Mei. Walimwambia sekretari wa fakulteti kwa mdomo na kwa maandishi, ili siku ya mtihani isiwe vita. Januari hadi Machi alipata siku 31 za porini na sokoni. Mei akalipa: makopi 380 juu ya yale yake, na mwezi mzima hakuandika mstari. Nilipomwona wiki ya tatu ya Mei macho yalikuwa mekundu. "Deni ni deni, Yaya." Hesabu yangu ni kwamba alifanya biashara nzuri, lakini si mimi niliyesoma yale makopi.

Nilipokosea

Ile alfajiri ya 04:30 niliyoitaja kwa fahari ilidumu wiki tatu. Nilimpangia siku sita kwa wiki. Wiki ya nne mtoto mdogo alishikwa na homa, akalala naye zahanati siku mbili, na aliporudi hakuamka tena alfajiri kwa siku kumi na moja. Na mimi, nakiri, nilimwambia maneno ya "nidhamu". Alinijibu polepole kwamba mpango wangu hauna mahali pa mtoto kuugua. Kweli haukuwa napo. Nilikuwa nimefanya kile kile alichofanya kwenye mlango wa frigo, tofauti ni kwamba mimi sikutumia rangi. Tukapunguza: alfajiri tatu kwa wiki, siku yoyote, na Jumamosi ya parokia. Ikikosekana alfajiri moja, hailipwi. Kwa mwendo huo wa konokono aliandika kurasa 41 za mkono kati ya Novemba na Januari.

Kosa la pili lilikuwa la simu. Nilimshauri anyamazishe kundi la asistanti hadi 18:00. Siku ya tano semina ya idara ikasogezwa mbele, tangazo likatoka humo humo saa 10:00, na yeye akafika watu wakikunja viti. Sasa kundi liko wazi ila halilii, na kiongozi wa promosheni amepewa saa: 12:30 hadi 13:00, baada ya hapo aandike na atajibiwa kesho. Alinuna wiki moja, akazoea. Wanafunzi huzoea haraka kuliko walimu.

La tatu ni makadirio, na hapa nina utafiti wa kujikinga nao. Mwaka 1994 Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross walichapisha kisa cha wanafunzi wa saikolojia wa Kanada waliokuwa wanamalizia tasnifu zao. Walikisia kwa wastani wangemaliza kwa siku 33.9. Walipoombwa wakisie endapo kila kitu kingeenda vibaya kadiri iwezekanavyo, walisema 48.6. Ilichukua 55.5. Yaani hata hofu yao haikufika mbali vya kutosha, tena huko ambako umeme haukatiki kwa zamu. Anayekisia hujenga picha ya kazi ikitembea mbele yake, na hatazami nyuma kuona kazi kama hiyo mara ya mwisho ilitembeaje.

Mimi nilijua utafiti huo na bado nikamwambia: kuingiza takwimu za soko, siku tisa zinatosha. Zilikwenda 23. Hakuna lililoharibika, ni siku za kawaida tu, moja ya matanga, mbili bila umeme kabisa, moja ya kupeleka betri kwa fundi. Baada ya hapo tuliacha kuulizana "itachukua muda gani?" Tunafungua kaye na kuuliza "ile nyingine ilichukua muda gani?" Kurasa za nyuma ya kaye, karibu na jedwali la kuzidisha, sasa zina safu mbili: nilivyodhani, ilivyokuwa. Makala moja ya Kiingereza kusomwa na kufupishwa: alidhani saa 2, ilikuwa 5. Ukurasa mmoja wa mkono: alidhani dakika 30, ilikuwa 70. Kupata saini ya sekretarieti: alidhani siku 1, ilikuwa 6.

Alipofikia

Sura ya kwanza alimkabidhi Prof mwezi Agosti. Ilirudi baada ya wiki saba na wino mwekundu hadi pembeni, na neno moja mwishoni: "Endelea." Koridoni bado anasubiri, alipohesabu tena Septemba, wiki mbili zilikuwa na saa 11. Zimepungua kwa sababu Prof siku hizi humwandikia ujumbe akichelewa, jambo ambalo hakuna aliyemwomba, lilianza tu baada ya ile karatasi ya kazi tisa. Kazi mpya kutoka kwake zimeshafika nne.

Mwenzake wa idara ya jirani ameshapeleka ombi la kubadilishana tena, safari hii anataka Asistanti amsimamie mitihani ya Desemba, mvua zitakapokuwa zimeanza. Hajamjibu. Anasema anataka kwanza kumpigia mama mmoja wa njia ya Kasumbalesa amuulize vichuguu vimeanza kupasuka au bado.

Jumamosi iliyopita tulikaa barazani kupanga sura ya pili, ya matokeo. Nilikuwa na moyo mkunjufu, nikasema Februari itakuwa imekwisha. Hakubishana. Alifungua kaye ya pili, maana ile ya kwanza imejaa, akahesabu kurasa anazotarajia kwa kidole, akazidisha kwa 70, akatoa Mei ya makopi kama atakubali deni lingine, akarudisha Mei kama hatakubali, akaandika, akafuta.

"Yaya, hapana. Ni Juni."

Prof ameandikiwa Juni.